Kosa ni la Mbwa ao la Mwenyewe?

Mbwa akiuma mutoto wa jirani, wengi wetu tunasema mara moja: "Ile mbwa ni mubaya, iuawe." Lakini kosa ni la nani?

Tutazame basenji, mbwa wa misitu yetu. Habweki sawa mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji wanamufunga kengele ya muti shingoni, wasikie fasi anapofukuzia nyama. Anakomalia katikati ya watu, anajifunza sauti yao. Kule Marekani, Scott na Fuller walilea aina 5 za mbwa, basenji ndani yake, na kitabu chao kilitoka 1965. Watoto wa basenji wa majuma 5 walikuwa na woga mwingi, walikimbia watu. Lakini kwa kushikwashikwa, woga ule ulipunguka. Majuma ya 3 mpaka 12 ndiyo yanajenga urafiki wa mbwa na mutu.

Basi kila mbwa anazaliwa na tabia yake, hatukatai. Lakini malezi ni yetu. Mujini tunamufunga kamba muchana kutwa, tunamupiga bure, wengine wanamulisha pilipili ati awe mukali. Halafu akiuma tunashangaa!

Mbwa hakujichagulia mwenyewe. Sisi ndio tulimuleta nyumbani. Kwa hiyo, mwenye mbwa apeleke yule mutoto hospitali haraka, alipe sindano, aombe jirani samahani, kisha aangalie namna anavyomulea mbwa wake. Kumuua mbwa na kuleta mwingine kwenye kamba ileile, haifundishe mutu kitu.