Kiburi cha Mcha Mungu

Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa la Roma tangu mwaka 590 hata mauti yalipomfika mwaka 604, alipozipanga dhambi zilizo mama wa dhambi nyingine hakukitia kiburi katika idadi ya zile saba. Alikitenga, akakipa enzi ya malkia, na zile saba akazifanya majemadari wa jeshi lake. Waliokuja baada yake waliubadili mpango huo, na katekisimu tunazofundishwa sisi zimekiteremsha kiburi mpaka safu moja na ulafi na uvivu. Lakini kwa rai yangu mzee yule aliona sawasawa. Ulafi hutaka chakula, uzinzi hutaka mwili, uchoyo hutaka mali, na kila moja katika hizo humwingia mtu kwa mlango wa udhaifu wake, hata mwenyewe, akiwa na chembe ya insafu, hujua kuwa ameanguka. Kiburi humwingia kwa mlango wa fadhila zake. Funza wa embe hana haja na tunda changa. Hungoja liive, na mnunuzi sokoni hulisifu rangi na harufu asijue lina nini ndani.

Kwa sababu hiyo sitasema mengi juu ya kiburi cha tajiri, wala cha mtawala, wala cha mwenye elimu aliyelewa elimu yake. Hicho kina tangazo lake. Watu hukiona kwa mbali, hukicheka kisirisiri, na dunia yenyewe aghalabu hukitia adabu, kama alivyotiwa Nebukadneza aliyetembea juu ya jumba lake la Babeli akijihesabia ukuu wake, na maneno yangali kinywani akaondolewa miongoni mwa watu akala majani pamoja na ng'ombe. Kinachonishughulisha ni kiburi cha mtu anayefunga, anayesali, anayetoa zaka, asiyekunywa wala kuiba, na ambaye kijiji kizima kingeapa kuwa ni mtu wa Mungu.

Mtu huyo yumo katika Injili ya Luka, katika hadithi ya Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali, nasi tumemdhulumu Farisayo huyo kwa kumfanya mnafiki. Hakuwa mnafiki. Torati iliagiza siku moja tu ya kufunga katika mwaka mzima, Siku ya Upatanisho, naye akafunga siku mbili kila juma. Akatoa zaka ya vyote alivyopata bila kuchagua. Hakuwa mnyang'anyi wala mzinzi. Na kwa yote hayo hakujisifu mbele ya watu bali alimshukuru Mungu, jambo ambalo wengi wetu hatulikumbuki. Sala yake haina neno moja la uwongo. Taksiri yake hujulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili: alimdharau mtoza ushuru. Naam, lakini iko taksiri nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kwamba katika sala yake yote, toka mwanzo hadi mwisho, hakuomba kitu. Alikuja hekaluni mikono imejaa, akaonyesha alichobeba, akarudi nacho nyumbani. Mtoza ushuru, aliyesimama mbali akijipiga kifua, hakuwa na kitu cha kuonyesha, akaomba rehema, akapewa. Nadhani hapo ndipo dhati ya jambo ilipo: mwenye kiburi ni mtu asiyeweza kupokea, na fadhila zake zote, maadamu ni zake, humfungia mikono.

Katika wale walioichungulia hali hii kwa karibu simjui aliyempita Bernardo, abati wa Clairvaux katika Ufaransa, ambaye karibu na mwaka 1125 aliombwa na jamaa yake Godfrey aandike juu ya ngazi ya unyenyekevu yenye vipandio kumi na viwili, iliyomo katika sura ya saba ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Bernardo aliandika, lakini badala ya kupanda akashuka: alieleza vipandio kumi na viwili vya kiburi kimoja baada ya kimoja, na mwishoni akajitetea kuwa hangeweza kufundisha ila alichojifunza. (Tena kitabu hicho kilichohusu unyenyekevu kilimlazimu baadaye kuongeza maneno ya kukiri kuwa ameyanukuu vibaya maandiko ya Injili, wala sidhani kama kuna dibaji iliyokifaa kitabu chake zaidi.) Kipandio cha kwanza si majivuno wala matusi, ni macho yasiyotulia, macho ya mtawa anayewapeleleza wenzake, nani amesinzia na nani amekula zaidi. Na kipandio cha tisa, ambacho mtu asiyezijua hila za nafsi asingekifikiri, ni toba ya uwongo: ndugu aliyekamatwa katika kosa hujitupa chini, hulia, huyakuza makosa yake hata yasiaminike, ili wasikiao waduwae kwa unyenyekevu wake na kulisahau kosa lenyewe.

Jambo hili la toba na kiburi halikubaki katika nyumba za watawa wa Ulaya. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe katika mji wa Kampala, Joe Church, tabibu Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma na kuomba pamoja. Na katika miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika, ukiwa na wimbo wake wa Tukutendereza na desturi yake ya kuungama hadharani. Watu walisimama wakataja wizi, uzinzi na chuki zao kwa majina, wakarudisha mali ya watu. Lililo kubwa kuliko yote machoni pangu ni kwamba wamisionari wazungu nao walisimama mbele ya Waafrika, katika zama ambazo hata kuketi meza moja lilikuwa jambo la kujadiliwa, wakaungama dharau na majivuno ya rangi. Atakayeandika habari za unyenyekevu wa Kikristo katika nchi zetu akaliacha hilo atakuwa ameacha kiini.

Lakini ungamo likirudiwa mwaka baada ya mwaka hupata umbo, na umbo likishapatikana kiburi hujua namna ya kulivaa. Nani katika sisi hajapata kumsikia ndugu akisimama katika ushirika, akalisifu jina la Bwana, akaanza kusimulia pombe na ugoni wa miaka thelathini iliyopita kwa urefu na kwa ustadi, watu wakiitikia kwa wimbo, ilhali ugomvi wa jana, alipomnyima mtumishi wake wa nyumbani mshahara na kumtukania mama yake, haukuingia katika ushuhuda hata kwa kidokezo? Dhambi ya kale imekwisha kuwa mali. Mtu huionyesha kama mwingine aonyeshavyo nishani. Hata katika Uganda, nchi uliyochipukia uamsho ule, baadaye lilitokea kundi lililojiita waliozinduka tena, likawaona ndugu wa jana kuwa wamelala. Farisayo alizaliwa upya katika nyumba iliyojengwa kumtoa nje.

Wako wasemao kuwa habari hizi za unyenyekevu ni hadaa ya wenye nguvu, waliyowahubiria watumwa, watawaliwa, wanawake na vibarua ili wasiinue vichwa. Siwapingi. Wamehubiriwa hivyo, na mimbari zilizotumika zilikuwa zetu. Ila hayo yaliyohubiriwa siyo yale Paulo aliyowaandikia Wafilipi. Yeye aliwatolea mfano wa Mwenye daraja sawa na Mungu aliyeliacha daraja lake kwa hiari, na hakuna awezaye kukiacha asichokuwa nacho. Wimbo wa Mariamu katika Luka unawashusha wenye enzi katika viti vyao na kuwakweza wanyonge, wala hauwaombi wanyonge wazidi kuinama. Na Musa, ambaye kitabu cha Hesabu chamwita mpole kupita watu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi, ndiye aliyesimama mbele ya Farao bila kupepesa macho. Fundi cherehani anayejua kushona, akasema hajui, hajanyenyekea, amesema uwongo. Na anayemdai mwenzake unyenyekevu amekwisha kuupoteza wake.

Turudi kwenye kupokea, ambako naona ndiko kugumu. Yohana asimulia kwamba usiku wa karamu ya mwisho Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi, kwa sababu njia zilikuwa za vumbi na viatu vilikuwa vya kanda. Na katika wale kumi na wawili hakuna aliyeinuka kuifanya, wala si ajabu, kwani Luka atwambia kuwa usiku huo huo walikuwa wakishindana nani aliye mkubwa. Ilipofika zamu ya Petro, akakataa: hata milele hatakubali Bwana wake amwoshe miguu. Maneno hayo yana sura ya staha kubwa, na mtu yeyote wa adabu angeyasema. Lakini yatazame vizuri, utaona mwanafunzi anamwamuru Bwana wake yampasayo na yasiyompasa. Akaambiwa kwamba asipooshwa hana shirika naye. Hapo akageuka, akataka aoshwe na mikono na kichwa, yaani akakubali kupokea, lakini kwa kipimo alichokikata mwenyewe. Na hicho nacho kikakataliwa. Mara mbili katika mazungumzo mafupi kiburi kilisema kwa ulimi wa unyenyekevu, na mwenyewe Petro, sina shaka, hakujua.

Ndiyo maana naona kuosha ni rahisi kuliko kuoshwa. Mwenye kitambaa na bakuli, hata akipiga magoti, ndiye atendaye. Mwenye miguu hana la kufanya ila kuitoa ilivyo, pamoja na nyufa zake. Wafalme wa Uingereza waliwaosha maskini miguu kila Alhamisi Kuu mpaka wakati wa James wa Pili, karibu na mwisho wa karne ya 17. Kisha maji yakaachwa, zikabaki sarafu, ambazo thamani yake kwa peni hulingana na miaka ya umri wa mfalme. Papa Pio wa Kumi na Mbili aliiingiza ibada hiyo ya kuosha miguu katika Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu kwa mabadiliko ya mwaka 1955. Na mwaka 2013 Papa Fransisko, siku chache baada ya kuchaguliwa, alikwenda katika gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma, akawaosha miguu vijana kumi na wawili, wakiwamo wasichana na Waislamu. Dunia ilisema sana juu ya magoti ya Papa. Juu ya vijana wale, waliokubali mgeni mkuu kiasi hicho aishike miguu yao mbele ya kamera, ilisema kidogo.

Katika parokia zetu hao kumi na wawili aghalabu ni wazee wa baraza, mwenyekiti na mtunza hazina wakiwa mbele, na miguu yao huja kanisani imekwisha kusuguliwa kwa sabuni, imepakwa mafuta na kuvishwa soksi mpya, hata maji ya padri hayana kazi ya kufanya. Basi, ndugu msomaji, ikiwa Alhamisi Kuu ijayo watakuja kukutafuta ukae katika kiti kimojawapo, usikatae kwa kusema hustahili, kwani hakuna anayestahili. Wala usiioshe miguu yako kwanza nyumbani.