MAMA KISIMANI



Yohane Mtakatifu, katika sura ya nne ya Injili yake, atusimulia habari za mwanamke Msamaria aliyekwenda kisimani. Ingawa Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana, Bwana wetu alimwomba maji ya kunywa, na kwa ombi hilo mazungumzo yakaanza. Kisha mwanamke yule akauacha mtungi wake, akaenda kuwaita watu wa mji wake.

Watu wa Newala waielewa vema habari hiyo. Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu. Kabla hayajaanza kupandishwa kwa mashine katika miaka ya 1950, akina mama waliyafuata mabondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Hapakuwa na njia ya Mwislamu na njia ya Mkristo. Hata leo, Newala na Masasi, ukoo mmoja huweza kuwa na Fatuma na Maria, na msiba ukiingia hukaa jamvi moja. Tena Wamakonde tangu asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwake dini zote mbili hukutana.

Amani hiyo si ya kuchezea. Tangu Oktoba 2017 vita vimeisumbua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, na wauaji wametumia jina la dini. Oktoba 2020 wenye silaha walivuka mto, wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kijana akianza kushawishiwa, mara nyingi mama ndiye wa kwanza kutambua: maneno yake yamebadilika, rafiki amewakimbia, jirani amdharau. Lakini mama huyo atamwambia nani, ikiwa katika mabaraza ya amani huitwa kupika tu, wala haulizwi neno?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la 28 Oktoba 1965, uliwasihi Wakristo na Waislamu wasahau magomvi ya kale, walinde pamoja haki na amani. Wito huo haukuwa wa mapadre na mashehe peke yao.

Basi, akina baba, mpeni mama nafasi barazani, na asemapo msikilizeni. Nanyi akina mama, mtembeleeni jirani siku ya Idi, mkaribisheni siku ya Noeli, uguzaneni, zikaneni. Aliyekula nyumbani kwako si rahisi kudanganywa kwamba wewe u adui yake.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba zetu amani.