Makofi kwa Mtu wa Mwisho

Nilipokuwa nikifundisha Kasulu, kila mwaka tulikuwa na mbio: kutoka uwanjani, kuteremka hadi mtoni, kisha kukipanda kilima kurudi shuleni. Mwaka mmoja, kijana aliyetoka Kibondo alirudi peke yake, wenzake wakiwa wamekwisha kunywa uji. Nilisimama kivulini nikampigia makofi, na shule nzima ikanifuata. Nilijiona mwema. Jioni alinijia. "Shikamoo, mwalimu. Mwakani naomba msinipigie makofi." Akaenda zake.

Miaka mingi baadaye maneno yake yalinirudia, niliposoma habari za Philip Boit, Mkenya wa upande wa Eldoret. Alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Mwaka 1996 alipelekwa Finland, kwa gharama za kampuni ya viatu ya Nike, kujifunza mbio za kuteleza juu ya theluji kwa vibao vya miguuni. (Sisi wa milimani Buha tunaijua mvua ya mawe tu, nayo huyeyuka kabla hujamwita jirani.) Mwezi wa Februari 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, alishindana katika kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47, akawa wa 92, wa mwisho. Dæhlie alimngoja katika baridi ile, sherehe ya medali ikachelewa, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Je, ile ilikuwa heshima au sadaka? Mimi naona ilikuwa heshima, na sababu yangu ni moja: Dæhlie alikuwa ametoka kuipita njia ile ile muda mfupi uliopita. Alijua kila mwinuko ulivyomgharimu mwenzake. Mimi kile kilima cha Kasulu sikukipanda hata siku moja.

Lakini sisi watazamaji tuna tabia nyingine. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Hilo kila mtu analisimulia. Ni wangapi wanaosimulia kwamba mwaka 1970, kule Edinburgh, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15? Tumempenda akichechemea, tukamsahau akikimbia. Naye Boit alirudi Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006, akitaka, nadhani, kutazamwa kama mshindani.

Mwaka uliofuata yule kijana hakukimbia. Alisimama kivulini, hatua chache kutoka nilipokuwa. Mtoto wa mwisho alipotokea juu ya kilima niliinua mikono, kisha nikamtazama yeye kwanza. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu.