Nenda Jioni Hii!

Ndugu yangu wa Kyebando, simama hapo ulipo! Usinunue kwanza. Usikae kwanza. Usiseme "moja tu" kwanza. Nisikilize kabla taa za Kalerwe hazijawaka!

Sina jipya la kukufunulia juu ya pombe. Unaijua kwa bei, kwa harufu, kwa deni. Unajua imekufikisha wapi. Unajua inakupeleka wapi. Ulichobakiza ni mguu kuondoka, na mguu ndio huuondoi!

Angalia mikono yako. Asubuhi pale kwenye kibanda cha chapati unashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Umemtazama mama anayekuuzia? Wengine anawajazia hadi ukingoni. Wewe anakutilia nusu. Hukumwomba. Ameona chai ikimwagika mezani, akanyamaza, akapunguza. Ukimaliza anakuongezea nusu iliyobaki, bila neno. Kila asubuhi mama yule anakuhubiria kwa birika, nawe unatazama barabarani kama mtu anayesubiri abiria!

Utasema: nitaacha. Lini? Ulisema utaacha pakiti zikiondoka. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi wa pakiti, nawe ukahamia kwenye chupa. Ulisema baada ya Krismasi. Ulisema baada ya kulipa ada ya mtoto. Krismasi imepita, mtoto amerudishwa nyumbani, na chupa bado iko chini ya kitanda!

Kumbuka Kabale! Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa huko kwa waragi uliotiwa methanoli. Hawakuamka wakikusudia kunywa sumu. Walikunywa kama walivyokunywa jana yake, kwenye vikao vilevile, wakicheka vicheko vilevile. Nao walikuwa na kesho yao ya kuacha!

Sasa sikia habari ya mtu aliyesimama mahali uliposimama wewe. Mei 1935, mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, alikuwa na miezi mitano bila pombe. Biashara iliyompeleka huko imevunjika, mfukoni pesa ni chache, yuko peke yake katika ukumbi wa hoteli. Upande mmoja baa, watu wanacheka. Upande wa pili simu. Akaenda kwenye simu! Akawapigia wachungaji wa mji ule akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, kwa sababu alijua akibaki peke yake atakunywa.

Akakutanishwa na Bob Smith, daktari mpasuaji. Daktari alikubali kumpa dakika 15 tu. Wakaongea zaidi ya saa sita! Bob alianguka tena baadaye, ndiyo, alianguka. Chupa yake ya mwisho ilikuwa bia aliyokunywa asubuhi ya upasuaji ili mikono itulie. Mikono, ndugu yangu, kama yako! Siku hiyo, Juni 10, 1935, ndiyo Alcoholics Anonymous, yaani AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wanayoihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa.

AA ipo Kampala. Unaogopa nini? Hakuna kiingilio. Hakuna daftari la kuandika ukoo wako. Hakuna atakayekuuliza kanisa wala msikiti. Kinachotakiwa ni kimoja, hamu ya kuacha kunywa. Utakuta viti, pengine chai, na watu wanaotaja jina moja tu kisha wanasema walivyokuwa, kilichotokea, na walivyo leo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kulia, lia. Usiondoke tu!

Hujui wanakutana wapi? Uliza! Kitengo cha pombe na dawa za kulevya cha hospitali ya Butabika kinawahudumia watu kama wewe, anzia huko. Muulize padri, muulize imamu, muulize muuguzi. Ukipewa namba, piga kabla ya kupanda boda, maana siku na ukumbi hubadilika, na mlango uliofungwa ndio kisingizio unachokitafuta!

Na hili lishike kwa makini. Kama umekunywa kila siku kwa miaka, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako chumbani. Kutetemeka kunaweza kugeuka degedege, degedege linaweza kuua. Mulago haiko mbali na Kyebando. Mwone daktari, umwambie kiasi chote, usipunguze hata glasi moja!

Lakini kuna mtu usiyehitaji kumtafuta. Yuko hapahapa. Unamjua. Mlikuwa mkiketi pamoja kwenye chungu kimoja cha malwa, mirija yenu ikigongana. Aliacha. Sasa anapita steji asubuhi, shati limepigwa pasi, anakusalimu kwa jina, nawe unainamia simu kama unasoma kitu. Miezi mingapi sasa unamkwepa? Ungemkwepa hivyo kama angekuwa amekosea?

Hakudai. Hakusengenyi. Hakungoji ukiwa msafi. Anajua mahali chupa inapofichwa kwa sababu naye aliificha hapohapo. Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wakikutana ili waache pombe, hilo tayari ni kundi. Yeye mmoja, wewe wa pili!

Basi inuka! Mwachie mwenye duka chupa yake. Toa simu mfukoni sasa, maadamu mkono bado unaweza kubonyeza. Jina lake hukulifuta. Mpigie, umwambie uko wapi, umwombe aje akuchukue. Na mpaka afike, usikae!