Haki Mbili za Mpiga Picha

Sheria ya New York humruhusu mpiga picha kumpiga picha mpita njia na kuionyesha kama sanaa bila idhini yake. Inachokataza ni kuitumia kwa matangazo au biashara. Kwa hoja hiyo, mwaka 2006, Philip-Lorca diCorcia alishinda kesi aliyofunguliwa na mzee wa Kiyahudi aliyepigwa picha Times Square bila kujua, ingawa mzee alilalamika kuwa imani yake imekiukwa. Lakini Kiswahili kina neno moja, haki, kwa stahiki na kwa uadilifu pia. Mahakama iliamua juu ya stahiki tu. Mshindi bado ana hiari ya kuishusha picha ukutani, na hapo, pasipo hakimu, ndipo uadilifu wake unapopimwa.