Bati la Gari, Bati la Jiko

Jirani yetu hapa Ujiji anajenga gereji uani: nguzo nne, mabati kumi, na shimo la kuingilia chini ya Land Rover yake ya zamani. Gari lenyewe halijawaka miaka. Watu wanamcheka, eti kichaa. Mimi sicheki. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli ya Graf von Goetzen katika ziwa letu hili, mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kumbe ile grisi haikupotea bure!

Lakini ngoja, ndugu msomaji. Liemba ilibeba watu. Mwaka 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga. Je, hii Land Rover inabeba nini zaidi ya ujana wa mwenyewe? Na mkewe anapikia chini ya nyasi zinazovuja, sufuria moja motoni, nyingine inakinga maji.

Sisemi auze gari. Nami ninaandika riwaya ambayo hakuna aliyeniomba. Nasema matatu kati ya yale mabati yaanzie jikoni, kabla mvua za Novemba hazijatukuta.