Presha Zinazoishia na Sifuri

Profesa aliyenisimamia shahada ya uzamivu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Fomu zangu 212 za awamu ya kwanza alizirudisha zimefungwa kwa mpira, juu kabandika kikaratasi: "Mwanangu, presha za watu wa kijiji hiki zinapenda sifuri?"

Nilidhani ananitania. Nikakaa, nikahesabu. 120, 140, 130, 140, 150. Kipimo cha mshale nilichokuwa nacho kina mistari ya mbilimbili. Ukisoma kwa haki, tarakimu ya mwisho ni 0, 2, 4, 6 au 8, na kila moja hupata takriban fungu moja katika matano. Zangu, saba katika kila kumi ziliishia na sifuri. Hakuna moyo unaopiga hivyo. Nilikuwa mimi, jua la saa saba, foleni chini ya mwembe, na hamu ya kumaliza kaya za siku ile.

Mbili tu, utasema, ina nini? Mpaka wa presha ya juu ni 140 kwa 90. Ukiipandisha 138 ikawa 140, umeshamtengeneza mgonjwa.

Wanafunzi wa uzamivu tukikutana, kilio ni kimoja: sura imelala kwa msimamizi tangu Ramadhani. Mara nyingi ni kweli, na wapo wanaostahili kusemwa. Wangu alisoma hadi fomu, na wiki ile ningefurahi kupewa mvivu. Hakuniruhusu kugusa namba hata moja nikiwa mezani. Aliniagiza niiandikie kamati ya maadili iliyotupa kibali, nieleze kosa langu kwa maneno yangu, niombe kurudi kupima upya kwa ridhaa mpya. Ikala miezi mitano.

Nikarudi na mashine ya betri, isiyojua kukadiria. Bibi mmoja niliyemwandikia 140 kwa 90 nilimkuta akichambua mchicha. Shikamoo, maelezo, dole gumba kwenye fomu. Nikamkalisha dakika tano: mgongo kwenye kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, bila maongezi, na hilo la mwisho ndilo lililomtesa. Nikapima mara tatu. Ya mwisho ilikuwa 131 kwa 79.

"Mjukuu wangu," akasema, "tangu uliponipa ile presha yako, mboga nala chapwa. Sasa chumvi nirudishe?"

Ndiyo ilikuwa imeshafika mdomoni. Lakini pengine nilikosea mwanzo, na pengine ni chumvi aliyoiacha ndiyo iliyomshusha. Ile sifuri yangu ilikuwa imefuta njia ya kujua. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba sijui, aulize zahanati kabla ya kurudisha.

Akanitazama, akavuta ungo wake wa mchicha.

"Na hayo masomo yako," akauliza, "yanaisha lini?"